Somo la 9: Usimwache Peke Yake

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mdo. 16:23–34, 1 Fal. 19:1–8; Mit. 23:29–35, Dan. 1:8–16, Kum. 22:8, Mhu. 4:9, 10, Gal. 6:1, 2.

Fungu la kukariri: Matendo ya Mitume 16:28.

Msimu wa mpunga unapofika katika Bonde la Kilombero, familia nyingi hugawanyika. Wengine hubaki kijijini na watoto wanaosoma. Wengine huenda kuishi katika vibanda vya shambani hadi mavuno. Mtu hukaa juu ya dungu kutwa akifukuza ndege. Ikiwa mafuriko yamechukua shamba, au mpunga umeuzwa ukiwa bado haujakomaa ili kulipa deni, mawazo humwelemea na hana wa kumweleza. Karibu naye kuna dawa ya magugu au ya wadudu, na pengine chupa ya gongo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Biblia haikukaa kimya juu ya jambo hili. Somo la juma hili linamtazama mtu aliyekuwa hatua moja kutoka kifo, akaokolewa na sauti ya mtu aliyekuwa karibu.

JUMAPILI: Sauti Gizani

Soma Mdo. 16:25–28. Mlinzi wa gereza aliona nini, na alihitimisha nini?

Mlinzi aliyepoteza wafungwa aliweza kuuawa (linganisha Mdo. 12:19). Alipoona milango wazi, aliamini kwamba maisha yake yamekwisha. Hata hivyo alikosea: hakuna mfungwa aliyekuwa ametoroka. Alikuwa gizani, naye alipima maisha yake kwa giza hilo.

Paulo hakuanza kwa kumshutumu wala kumhubiri. Alifanya mambo mawili: aliuzuia mkono wake, kisha akamhakikishia kwamba wote wapo. Ndipo mlinzi akaomba taa (fungu la 29). Swali lake kuhusu wokovu lilikuja baadaye, alipojua kwamba hayuko peke yake.

Hata leo hofu ya sheria humfungia mtu kimya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa hofu hiyo na kwa aibu, familia nyingi huficha. Kanisa linaweza kusaidia ili mgonjwa afikishwe hospitali mapema, na neno la kwanza analosikia lisiwe la kumlaumu.

JUMATATU: Mkate Kabla ya Swali

Soma 1 Fal. 19:1–8. Mungu alimpa Eliya nini kabla ya kumwuliza lolote?

Eliya aliyesimama imara Karmeli aliomba kufa jangwani siku chache baadaye. Alikuwa nabii, na imani yake haikuwa bandia. Alikuwa amechoka, anaogopa, na amemwacha mtumishi wake nyuma. Malaika alimletea mkate na maji mara mbili, akamwacha alale. Swali la Mungu lilikuja akiwa Horebu, baada ya safari ya siku arobaini.

Kwa hiyo si sahihi kumwambia kila aliyekata tamaa kwamba hajaomba vya kutosha. Jirani ajifunze kuona dalili: mtu anasema yeye ni mzigo kwa wengine, anagawa vitu vyake, anaaga bila safari, halali, au amezidisha kunywa. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake. Apelekwe kwenye kituo cha afya au hospitali, na mtu abaki naye.

JUMANNE: Kesho Nitaitafuta Tena

Soma Mit. 23:29–35. Sulemani anamalizia kwa maneno gani ya mlevi?

Mlevi huyu amepigwa na hakusikia maumivu, na bado anapanga kukitafuta kileo atakapoamka. Hiyo ndiyo picha ya uraibu: hamu inabaki hata furaha ikiisha.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe kali za kwenye vifuko vya plastiki, zilizojulikana kama viroba. Zilikuwa rahisi kununua na kuficha mfukoni. Hatua hiyo iliondoa kishawishi kimoja, lakini sheria haiwezi kuketi na mtu jioni anapotetemeka kwa hamu ya gongo.

Danieli alikataa divai ya mfalme akiwa na wenzake watatu (Dan. 1:8–16). Walishika kiasi pamoja. Anayeacha pombe leo anahitaji wenzake wa kula naye na kufanya naye kazi. Anahitaji pia hekima ya tiba: aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Kabla ya kumhimiza aache siku hiyohiyo, ndugu wamsindikize kwa mganga wa hospitali.

JUMATANO: Ukuta wa Dari

Soma Kum. 22:8. Kwa nini Mungu aliagiza ukuta ujengwe kabla mtu hajaanguka?

Watu wa Kilombero wanaijua kanuni hii. Kuanzia mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua vyenye dawa viliuzwa kijiji kwa kijiji kwa jina la Zuia Mbu. Watafiti wa Ifakara walikuta kwamba kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Chandarua hufungwa kabla ya homa.

Sri Lanka, nchi nyingine ya wakulima wa mpunga, ilipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi hatua kwa hatua. Kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa karibu asilimia 70, na mavuno hayakuporomoka. Mara nyingi wazo la kufa huja kwa nguvu kisha hupita. Sumu ikiwa mbali saa ile, mtu huishi na kuona asubuhi.

Kikundi cha wakulima kinaweza kununua dawa ya siku ya kupulizia tu, na inayobaki isirudi kibandani. Kinaweza pia kupanga zamu ya kuwatembelea walioko kwenye madungu.

ALHAMISI: Upole kwa Aliyeanguka

Soma Gal. 6:1, 2 na Mhu. 4:9, 10. Aliyeanguka huinuliwa kwa roho gani?

Mwaka 2006, jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Walifundishwa kusikiliza, wakaketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, walioketi nao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko wengine. Akina mama wa Dorkasi wanaweza kufundishwa vivyo hivyo.

Upole huo hupimwa hasa kwenye msiba. Mtu anapojiua, wengine hukwepa mazishi au hutangaza kwamba amepotea milele. Hukumu ni ya Mungu, anayejua ugonjwa na uchungu ambao hakuna mwingine aliyeuona. Wajane na watoto wanaobaki wako hatarini pia. Wanahitaji watu wa kulala matanga nao, na wa kurudi tena baada ya siku arobaini.

IJUMAA

Jifunze zaidi: Soma tena Mdo. 16:29–34. Mtu aliyekuwa ameshika upanga usiku wa manane, kabla ya kupambazuka alikuwa anawaosha wengine majeraha na kuwaandalia chakula. Paulo angeweza kukimbia na kumwacha. Alibaki, na nyumba nzima ikabatizwa.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kanisa lenu, ni nani aliyeacha kuhudhuria kwa sababu ya pombe au aibu? Ni nani atakayemtembelea juma hili, na atabeba nini mkononi?

2. Dawa za shambani zinawekwa wapi nyumbani mwa washiriki? Nini kinaweza kubadilishwa kabla ya msimu ujao?

3. Balozi wa mtaa, mhudumu wa afya wa jamii na viongozi wa dini nyingine wanaweza kushirikianaje na kanisa?

4. Mtu akisema darasani leo kwamba amechoka kuishi, darasa litamjibu nini kwanza?