Mombasa: Kisiwa Kilichokuwa Makao Makuu ya Pwani

Muhula uliopita palizuka mabishano katika bweni letu baada ya kipindi cha Jiografia. Mwenzetu mmoja alisema kwamba mahali palipozungukwa na maji hapawezi kuwa mji mkubwa, kwa kuwa maji ni kama ukuta. Kisha akanigeukia mimi akasema, “Tazama kwenu Lyulilo. Barabara inafika ziwani, basi inaishia hapo. Ndiyo sababu hamna mji.” Wenzetu wakacheka. Siku ile sikuwa na jibu. Baadaye nikaanza kusoma habari za Mombasa, mji wa kisiwa ulio maarufu kuliko mingi katika Afrika ya Mashariki, nami nawaletea ndugu wasomaji hayo niliyoyapata.

Mahali Pake

Mombasa ni kisiwa kidogo katika pwani ya Kenya, yapata nyuzi nne kusini ya Ikweta. Hakiko mbali baharini kama Unguja au Pemba. Kimeingia ndani ya bara, na mikono miwili ya bahari imekikumbatia, mmoja upande wa kaskazini na mmoja upande wa kusini. Mikono ya bahari ya namna hiyo huitwa hori.

Yafaa tujue jinsi hori hizo zilivyopatikana. Zamani sana, wakati maji ya bahari yalipokuwa chini kuliko sasa, mito ya bara ilichimba mabonde marefu ikielekea baharini. Baadaye bahari ikapanda na kuyajaza mabonde hayo. Tena matumbawe hayapendi maji matamu yenye tope, kwa hiyo mbele ya midomo ya mito hiyo pakabaki nafasi katika mwamba, na hapo ndipo vyombo hupita. Upande wa magharibi wa kisiwa maji ni ya kina kirefu, ndiyo maana bandari yake ikaitwa Kilindini, yaani penye kilindi.

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Nyasa hatujui kujaa na kupwa kwa maji. Mombasa bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na mvuvi asiyejua saa zake ataiona ngalawa yake imekaa juu ya mchanga.

Habari za Kale

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Mombasa. Aliwakuta watu wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao, wakila ndizi na samaki. Lakini aliona pia kwamba nafaka yao ililetwa kutoka ng'ambo, maana kisiwani hapakuwa na mashamba ya kutosha. Tulikumbuke neno hilo, kwa sababu litarudi mbele.

Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi. Vilitia nanga upande wa mashariki, katika Bandari ya Kale, mbele ya nyumba za Mji wa Kale.

Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika na merikebu za Wareno, asipatane na wenyeji, akaendelea hadi Malindi. Mwaka 1505 Wareno wakarudi kwa vita, wakauteka mji na kuuchoma moto. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, iliyochorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome hiyo. Walioko ndani walipatwa na njaa na maradhi, na mwezi wa Desemba 1698, baada ya karibu miaka mitatu, ngome ikaanguka. Kuta zake ni nene mno, lakini ukuta hauwezi kumlisha mtu. Leo ngome hiyo ni jumba la makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Baadaye ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa mpaka 1837, Seyyid Said wa Unguja alipouchukua mji. Katika siku hizo aliishi Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa lugha ya Kimvita. Mvita ni jina la kale la Mombasa. Hata Kiswahili tunachofanyia mitihani kina habari yake huko, kwani katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu.

Reli, Bandari na Utawala

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda bara, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria. Bandari ya Kale haikutosha kwa meli kubwa, basi kazi ikahamia Kilindini. Tangu hapo mizigo ya Uganda na ya nchi nyingine za ndani ikapita kisiwani. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa.

Mwanzoni mji huu ulikuwa makao ya utawala wote wa Waingereza katika nchi hiyo, kabla ya kazi hiyo kuhamishiwa Nairobi. Mombasa ikabaki makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na baada ya uhuru wa 1963 ikaendelea hivyo. Kwa Katiba ya 2010 Kenya iliweka kaunti, nazo zikaanza kazi mwaka 2013. Mombasa sasa ni kaunti peke yake. Katika hesabu ya watu ya 2019 kaunti hiyo ilikuwa na watu 1,208,333, wengi wao wakikaa ng'ambo ya kisiwa.

Vivuko

Hapa ndipo nilipolipata jibu langu. Mji wa kisiwa huishi kwa vivuko vyake. Upande wa magharibi, Makupa, barabara na reli zilipita kwa miaka mingi juu ya tuta lililojengwa majini. Upande wa kaskazini kuna Daraja la Nyali. La kwanza, la mwaka 1931, lilielea juu ya maji, na la sasa lilifunguliwa 1980. Kusini kuna feri ya Likoni, inayochukua wachuuzi, wafanyakazi na watoto wa shule tangu alfajiri. Hata maji ya kunywa huvuka, kwani mengine hutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo kwa bomba refu. Yale aliyoyaona Ibn Battuta bado ni kweli: kisiwa hula kwa mkono wa ng'ambo.

Lakini kivuko kibaya ni msiba. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyojaa watu kupita kiasi, ilipinduka, na watu 272 wakafa. Walikuwa karibu sana na nchi kavu. Nasi wa ziwani hatuwezi kusema hayo ni ya baharini tu. Mwaka 1946 meli Vipya ilizama katika Ziwa Nyasa ikiwa mpya kabisa, na watu wengi wakapotea.

Tunajifunza Nini?

Kilindi peke yake hakifanyi mji. Kwetu Lyulilo, chini ya Milima ya Livingstone, ufuko huteremka ghafula, na hatua chache tu kutoka mchangani maji ni marefu. Itungi barabara ipo, lakini mto huleta mchanga na kuisumbua bandari. Mombasa ilipata vyote viwili, kilindi na njia ya kwenda bara, na njia hiyo haikuota yenyewe. Ilijengwa kwa mikono ya watu.

Basi mwenzangu wa bwenini alisema nusu ya kweli. Maji ni ukuta kwa asiye na chombo. Lakini si kweli kwamba njia inaishia Lyulilo. Kila Jumamosi mitumbwi hufika sokoni kwetu na vyungu vya Wakisi wa Ikombe, na mama yangu huvinunua na kuviuza kwa watu wa Ipinda na Kyela. Ada yangu ya kidato cha kwanza mpaka cha tatu, kabla haijafutwa au baada, pamoja na sare, daftari na nauli, ilitoka katika vyungu hivyo. Ziwa likichafuka mitumbwi haiji, na siku hiyo mama hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo sitamani Lyulilo iwe Mombasa. Natamani tupate gati imara, chombo kisichojazwa kupita kiasi, na boya la kujiokolea kwa kila abiria. Mji utakuja au hautakuja, lakini mwenye vyungu atafika salama.

Maswali ya Kujipima

1. Kwa nini mwamba wa matumbawe una nafasi mbele ya midomo ya mito?
2. Eleza kwa nini kazi ya bandari ilihama kutoka Bandari ya Kale kwenda Kilindini.
3. Taja vivuko vitatu vya kisiwa cha Mombasa.
4. Chora ramani ya mahali unapotoka, uonyeshe njia zote za maji na za nchi kavu. Ni ipi ikikatika watu watalala njaa?