Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kujikweza Kimamlaka Katika Tarakilishi

1.0 Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu usalama wa tarakilishi humtazama adui kama mtu wa mbali anayevamia kupitia mtandao. Makala haya yananuia kumwangazia adui wa aina nyingine: yule ambaye tayari ameruhusiwa kuingia, akapewa jina na nywila, kisha akatumia uzembe wa waliotengeneza programu kujipa mamlaka asiyopewa. Aidha, makala yanapendekeza istilahi ya Kiswahili ya kuijadilia kasoro hii, kwani jambo lisilo na jina ni vigumu kulifunza, na ni vigumu zaidi kujikinga nalo.

2.0 Ruhusa na Mamlaka

Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hukaribiana kimaana, lakini hapa yafaa yatenganishwe. Ruhusa hufungamana na kitu: ni orodha inayoambatana na faili au kabrasha, ikieleza ni nani anayeweza kukisoma, kukiendesha au kukibadilisha kitu hicho. Mamlaka hufungamana na mtendaji: ni uwezo alio nao mtumiaji, au programu, juu ya mfumo mzima. Katika Windows, mtumiaji wa kawaida ana mamlaka finyu, msimamizi ana mapana, na huduma nyingi zinazojiendesha chinichini hutumia akaunti iitwayo SYSTEM, ambayo karibu haina kizuizi katika tarakilishi hiyo.

Mwenye mamlaka finyu anapojitwalia mapana, tuseme amejikweza kimamlaka. Kutokana na kitenzi kwea tunapata kweza, yaani kupandisha. Tukiongeza kiambishi ji cha kujirejelea tunapata jikweza. Kupandishwa cheo hudokeza kwamba kuna aliyempandisha mtu kwa haki. Kujikweza hubeba lawama ya anayejipa cheo asichostahili, na ndivyo hali ilivyo hapa.

3.0 Kasoro Inavyotokea

Kwa kawaida, programu za Windows husakinishwa katika kabrasha la Program Files. Ruhusa za kabrasha hilo ni kali: mtumiaji wa kawaida anaweza kusoma na kuendesha yaliyomo, ila hawezi kuyabadilisha. Tatizo huanza pale programu inapojiundia kabrasha moja kwa moja kwenye mzizi wa diski C. Kabrasha hilo hurithi ruhusa za mzizi, ambazo aghalabu humwezesha kila aliyeingia kwa nywila kuongeza na kurekebisha faili. Mtengenezaji asipozibana ruhusa hizo, mlango hubaki wazi.

Tuchukue mfano wa maabara ya chuo yenye programu ya kuhifadhi nakala za faili. Huduma yake huanza kila tarakilishi inapowashwa, ikiwa na mamlaka ya SYSTEM. Mwanafunzi mmoja anagundua kwamba anaweza kuandika ndani ya kabrasha la programu hiyo. Anaiondoa faili tendaji ya huduma, anaweka yake yenye jina lilo hilo, kisha anasubiri tarakilishi izimwe na kuwashwa tena. Mfumo hauulizi faili imewekwa na nani. Huifuata kwa jina na mahali ilipo, kisha huiendesha. Tangu hapo anaweza kusoma, kubadilisha au kufuta kazi ya yeyote aliyehifadhi chochote humo. Nywila ndefu ya mwenzake mwenye tasnifu ya miaka miwili haisaidii, kwani aliyejikweza hahitaji kuijua.

Kiini cha kasoro, basi, si udhaifu wa nywila. Hatari ipo pale mnyonge anaporuhusiwa kuandika kile ambacho mwenye nguvu atakitekeleza.

4.0 Kinga

Mnamo 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walieleza kanuni kwamba kila programu na kila mtumiaji atende kwa mamlaka machache kabisa yanayotosha kazi yake. Kasoro hii huikiuka kanuni hiyo. Kwa hivyo:

(i) Mtengenezaji aweke faili tendaji mahali palipolindwa, na data zinazobadilika aziweke kando. Huduma isipewe mamlaka ya SYSTEM ikiwa akaunti ndogo inatosha.

(ii) Msimamizi akague makabrasha ya huduma kwa amri ya icacls. Akiona kundi la Users au Everyone lina herufi W, M au F, yaani kuandika, kurekebisha au udhibiti kamili, azibane ruhusa hizo na atafute toleo la programu lililorekebishwa.

(iii) Mtumiaji asifanye kazi za kila siku kwa akaunti ya msimamizi.

5.0 Hitimisho

Mnamo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulidhihirisha kupitia Jambo OpenOffice kwamba menyu za tarakilishi zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ikiwa lugha yetu inatosha kuiamuru mashine, haina budi kutosha kueleza hatari zake pia. Wahenga walikwisha kutuachia muhtasari: kikulacho ki nguoni mwako. Wasomaji wanaalikwa kuipima istilahi iliyopendekezwa, na aliye na bora zaidi ailete.