Tumpime Nabii kwa Mizani ya Haki

SOMO LA FAMILIA
Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 18:20-22, Mithali 18:17, 1 Wathesalonike 5:19-21



Hivi karibuni mama mmoja katika kikundi chetu cha Ruwi alituomba tumwombee kijana wake anayesoma Nairobi. Vijana wawili wa mashati meupe, wenye vibao vya majina kifuani, walimtembelea wakampa Kitabu cha Mormoni. Sasa anataka kubatizwa upya. Baada ya maombi mjadala ulipamba moto. Mmoja wetu alisema Joseph Smith alikuwa mpiga ramli tu. Mwingine alisema mashahidi wake wote walimkana. Tulipoulizana tumeyapata wapi hayo, majibu yalikuwa "nimesikia" na "nimetumiwa WhatsApp". Tukaona aibu, tukaahidiana kusoma kwanza.

Kwa nini tuwe waangalifu hivyo? Hapa Muscat tunaabudu katika viwanja vilivyotolewa na Sultani, na majirani zetu wengi si wa imani yetu. Mtu akituambia kwamba Wakristo huabudu miungu watatu, huumia mioyo yetu, maana hajatuuliza. Basi tusimtendee Mmormoni lile tusilopenda kutendewa. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuwekewa mipaka ya dhehebu.

Madai yenyewe

Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 huko Vermont, Marekani. Alisema kwamba malaika aitwaye Moroni alimwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani karibu na kwao katika jimbo la New York, naye akayatafsiri kwa uwezo wa Mungu. Kitabu cha Mormoni kilichapishwa mwaka 1830, na kanisa lake likaanzishwa tarehe 6 Aprili mwaka huo huo. Leo linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, kwa hiyo jambo hili si la mbali.

Wamisionari wao humwambia msomaji aombe, naye atajulishwa moyoni kama kitabu ni cha kweli. Kuomba ni vema. Lakini sisi tunaoishi ugenini tunajua jinsi moyo mpweke unavyopata joto pale unapokaribishwa. Joto hilo ni zuri, ila halithibitishi historia. Waberoya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado walichunguza (Matendo 17:11).

Tupime hoja moja moja

Kwanza, suala la kupiga ramli. Ni kweli kwamba kabla ya kuwa nabii, Joseph Smith aliajiriwa kutafuta hazina zilizofichwa ardhini kwa kutazama jiwe, na mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu kwa ajili hiyo. Kanisa lake lenyewe linakubali kwamba alitumia jiwe pia katika kutafsiri, na mwaka 2015 lilichapisha picha yake. Jambo hili linatupa sababu ya kuuliza. Peke yake halimalizi kesi, kwa maana Mungu amewaita watu wenye historia za kila namna.

Pili, mashahidi. Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris walitia saini kwamba waliyaona mabamba. Wote watatu walitengana na kanisa, na wawili wakarudi baadaye. Lakini hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba walikana walichosaini. Anayesema walikana anakosea, hata kama yuko upande wetu. Tatizo ni kwamba mabamba yenyewe hayapo, kwa kuwa inasemekana yalirudishwa kwa malaika.

Tatu, ono la kwanza. Linasemekana kutokea mwaka 1820, na maelezo ya kwanza tuliyo nayo ni ya mwaka 1832. Hayo yanamtaja Bwana. Yale ya mwaka 1838 yanasema waziwazi kwamba walikuwa wawili, Baba na Mwana. Wauguzi miongoni mwetu wanajua kwamba faili lililoandikwa saa ile ile lina uzito kuliko kumbukumbu za baadaye. Lakini Injili nazo ziliandikwa miaka mingi baada ya matukio, na wongofu wa Paulo unasimuliwa mara tatu katika Matendo kwa tofauti ndogo ndogo. Hoja hii tukimpigia Joseph Smith bila kipimo, itarudi kutupiga sisi.

Nne, Kitabu cha Ibrahimu. Hapa ndipo tunapoona uzito mkubwa, kwa kuwa kuna kitu cha kushika mkononi. Mwaka 1835 Joseph Smith na wenzake walinunua miili ya Wamisri iliyokaushwa pamoja na hati za mafunjo. Alisema hati mojawapo ina maandishi ya Ibrahimu, na mwaka 1842 akachapisha tafsiri pamoja na michoro na maelezo yake. Vipande vya hati hizo vilionekana tena katika jumba la makumbusho la New York, na mwaka 1967 kanisa lilikabidhiwa. Wataalamu wamevisoma: ni maandishi ya maziko ya Wamisri. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilikiri kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na tafsiri. Watetezi wake husema huenda sehemu husika ilipotea, au hati zilikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Tumewasikia. Hata hivyo michoro ipo na maelezo yake yapo, na wataalamu wa Misri ya kale wanasema kwa sehemu kubwa hayapatani.

Kwa hiyo sisi hatuwezi kumpokea kama nabii. Pale dai lake lilipoweza kukaguliwa, halikusimama. Ndicho kipimo cha Kumbukumbu la Torati 18.

Tufanye nini sasa?

Mama yule tulimshauri ampigie mwanawe simu, asianze na hukumu. Aulize amesoma nini na nani alimfariji alipokuwa peke yake mjini. Kisha amwombe awaulize wale vijana wawili kuhusu Kitabu cha Ibrahimu, na asome yale ambayo kanisa lao limeandika. Akibatizwa huko, bado ni mwanawe, na mlango usifungwe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni jambo gani tumewahi kulisambaza kuhusu imani ya wengine bila kulihakikisha?
2. Mtoto wetu akituuliza kwa nini tunaiamini Injili, tutamjibu nini zaidi ya "ndivyo tulivyolelewa"? (Soma Luka 1:1-4 na 1 Wakorintho 15:3-8.)
3. Ni nani kati ya vijana wetu walio mbali anahitaji simu yetu juma hili?

Bwana atupe upendo usioogopa kweli. Amina.