Mtoto Mdogo Alale Masaa Mangapi?

Ndugu wafanyakazi, somo letu safari hii linahusu watoto wa mwaka mmoja mpaka minne. Hawajui kusoma saa, lakini saa zetu za kazi zinawatesa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji masaa 11 mpaka 14 ya usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Wa miaka mitatu na minne anahitaji masaa 10 mpaka 13. Tena alale na kuamka kwa saa zile zile kila siku.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Baba wa zamu ya jioni anafika Buyenzi au Kamenge saa nne usiku. Anataka kumwona mwanawe, na nani atamlaumu? Basi mtoto wa miaka miwili anawekwa macho kumngoja. Saa kumi na moja alfajiri mama anakwenda kazini, mtoto anaamshwa apelekwe kwa jirani. Hayo ni masaa 7. Mchana akilala saa moja na nusu, jumla ni masaa 8 na nusu. Amepungukiwa masaa 2 na nusu hata kwa kipimo cha chini kabisa. Angelazwa saa moja na nusu usiku, angefikisha 11. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo giza limekwisha ingia.

Mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima. Hurukaruka, hulia kwa jambo dogo, hukataa chakula. Sisi tunamwita mtundu, tunamchapa! Na homoni ya kukuza mwili hutoka kwa wingi katika usingizi mzito.

Mchana Bujumbura chumba cha bati huwa kama tanuru. Mtandikie mkeka barazani au kivulini. Usingizi wa mgongoni kwa mama shambani nao unahesabiwa. Akilazwa mapema, chandarua nacho kishushwe mapema, maana mbu wa malaria huuma usiku.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai, Teza na Rwegura, wana shida nyingine: baridi. Msimlaze mtoto katika chumba kilichofungwa chenye mbabula ya makaa. Sumu yake haionekani wala haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Ongezeni blanketi. Wala asipewe dawa ya kikohozi au pombe ili alale.

Na yule baba wa zamu ya jioni? Aamke yeye alfajiri, ambebe mtoto mpaka kwa jirani, wazungumze njiani. Kisha arudi kulala. Zamu yake bado.