Kupoza Tarakilishi kwa Akili ya Posho Mili

Mmewahi kuitazama injini ya dizeli ya posho mili ya zamani? Imeunganishwa kwa mipira na pipa la maji. Maji moto hupanda, yaliyopoa hushuka, nayo injini haichemki.

Hapa kwetu Ndanai kaka yangu huwachapia watu barua nyumbani. Tarakilishi yake ilikuwa ikizimika mchana kwa joto, hata barua ya mama mmoja ya kuomba basari ikapotea mara mbili. Feni mpya haikusaidia kitu. Ndipo nikalikumbuka lile pipa.

Prosesa yake ikifanya kazi sana hutoa joto la wati 65, yaani jouli 234,000 kwa saa. Kilo moja ya maji yataka jouli 4,200 ipande nyuzi moja. Pigeni hesabu: ndoo ya lita 20 itapanda nyuzi tatu hivi tu kwa saa! Rejeta ya nini basi?

Nilitafuta kibati cha shaba chenye njia ya maji ndani, cha kukaa juu ya prosesa, pampu ndogo ya tangi la samaki na mipira miwili. Msichanganye shaba na alumini katika maji hayo, alumini italika.

Wacha niseme ukweli, siku ya kwanza kiungo kilivuja. Bahati nzuri nilikuwa nikijaribu pampu na mipira peke yake, nje ya jikoni, mashine iko mbali. Nanyi jaribuni hivyo usiku kucha, karatasi kavu chini ya kila kiungo.

Barua ya yule mama ilichapwa Jumamosi, saa nane mchana. Nilitia mkono ndooni, maji bado baridi.