Corolla ya zamani inagonga mlimani

Swali: Nina Corolla ya 1980, ya kabureta na pointi. Ikipanda mlima injini inagonga kama imetiwa kokoto. Fundi anasema taimingi iko mbele. Nihakikisheje?

Jibu: Huenda fundi wako yuko sahihi, lakini usiguse distribyuta kabla ya kupima pointi. Mwanya wake, takriban milimita 0.45, ukibadilika hata kidogo, taimingi nayo inahama. Ukianza na taimingi utairudia kazi.

Washa gari mpaka injini ipate moto, kisha ichomoe mipira ya vakyumu ya distribyuta na uizibe. Hapa ndipo wengi hukosea, halafu wanalaumu taa ya taimingi. Safisha alama ya puli ya kranki, ipake chaki, na ubane waya wa taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba 1. Mulika gari likiwa sailensa: alama isimame kwenye digrii zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boneti au kitabu cha gari, si za gari la jirani. Haikai? Legeza bolti ya distribyuta, uizungushe kidogo kidogo. Kuifuata rota kunachelewesha cheche. Kinyume chake kunaiwahisha.

Sasa kanyaga mafuta. Alama ikigoma kusogea mbele, vizito vya ndani ya distribyuta vimekwama. Ikiwa taimingi ni sahihi na bado inagonga, shuku petroli hafifu au masizi kichwani mwa pistoni.