Dawa Inayokaa Jichoni: Mafunzo Niliyopata

Kisukari cha mama kilipofika machoni, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsindikiza kutoka Korogwe hadi kliniki ya retina, Moshi. Niliyojifunza njiani na kwenye benchi la kusubiri ni haya.

1. Matone hayafiki nyuma ya jicho. Mama aliyaomba sana, kwa kuwa sindano ya jicho hutisha hata kuisikia. Daktari akamweleza kwa upole: machozi huyaosha, na kidogo kinachopenya hakifiki kwenye retina kwa kiasi cha kutibu. Ndiyo maana dawa, mililita 0.05 tu, huingizwa moja kwa moja kwenye ute ulio ndani ya jicho.

2. Kinachowashinda wagonjwa ni kurudi. Sindano yenyewe hupigwa kwa ganzi na huisha upesi. Mama hupewa bevasizumabu, dawa iliyoanzia kwenye saratani ya utumbo mpana, na ambayo tangu 2013 WHO imeiorodhesha miongoni mwa dawa muhimu za macho. Bei yake ni nafuu kuliko wenzake, lakini nguvu yake huisha baada ya wiki chache, na mwanzoni hurudiwa kila mwezi. Hesabu nauli, hesabu mtu wa kumshika mkono, hesabu genge lililofungwa siku mbili. Nimekaa na wazee waliokatiza tiba kwa kukosa nauli. Maji yaliyokaushwa na dawa yalirudi, retina ikavimba tena, na uoni uliopotea haukurudi wote. Inaniuma, kwa sababu dawa ilikuwepo.

3. Dawa ya kutoka polepole ipo, tena si ya jana. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha Vitrasert, kipandikizi kilichotoa gansikloviri kwa miezi kadhaa katika macho ya wagonjwa wa UKIMWI waliovamiwa na virusi vya CMV. Mwaka 2009 ikaja Ozurdex: kijiti chembamba cha deksamethasoni kinachoyeyuka chenyewe huku kikiachia dawa kwa miezi. Iluvien, kipandikizi kingine, hufika miaka mitatu, ila ganda lake hubaki jichoni.

4. Muda mrefu una gharama yake. Mama mdogo, anayeishi Leicester, aliwekewa Ozurdex. Uvimbe ulipungua vizuri, lakini mwezi wa pili presha ya jicho ikapanda. Steroidi kama deksamethasoni huwa na tabia hiyo, na huharakisha pia mtoto wa jicho. Kwa bahati alipimwa mapema, akapewa matone, ikashuka. Kifaa kingine, Susvimo, hupandikizwa kwa upasuaji na kujazwa dawa iitwayo ranibizumabu kila baada ya miezi sita hivi. Kiliidhinishwa Marekani mwaka 2021, kikasitishwa 2022 kwa hitilafu ya kizibo chake, kikarejea 2024. Hadi leo kina onyo kwamba hatari ya maambukizi ndani ya jicho inaweza kufika mara tatu ya ile ya sindano za kila mwezi.

5. Muulize daktari maswali mawili: dawa itakaa muda gani, na katikati ya muda huo nani atanipima presha ya jicho? La pili ndilo zito kwetu. Siku vijiti hivi vitakapowafikia wagonjwa kama mama, kila hospitali ya wilaya iwe tayari na kipimo cha presha ya jicho na mtu anayejua kukitumia. Bila hivyo, mgonjwa wa Korogwe ataokoa nauli huku mshipa wa fahamu wa jicho ukifa taratibu kwa presha, bila maumivu.